Miaka saba ya kimya haijavunja ndoa yako

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Tanga, nina watoto wawili. Niliolewa mwaka 2009 kwa ndoa ya Kiislamu, cheti ninacho. Mume wangu alikuwa akibeba mizigo bandarini, kazi ikawa haba. Mwaka 2016 akaniambia anakwenda Sauzi na wenzake kutafuta maisha, mambo yakikaa sawa atatuita au atarudi. Sikumzuia. Nilikuwa nimepokea zamu yangu ya upatu, nikampa nauli. Mwanzo alikuwa akipiga simu kila Ijumaa na kutuma chochote alichopata. Mara ya mwisho alipiga Ramadhani ya mwaka 2018, akasema yuko Durban. Tangu hapo namba yake haipatikani. Ya kwangu sijaibadilisha, naogopa akipiga asinipate.

Mwaka 2023 kijana mmoja wa mtaani kwetu alirudishwa kutoka huko. Alinivuta pembeni akaniambia amemwona mume wangu, ana mwanamke na mtoto mdogo. Shemeji anasema huo ni uongo, kaka yake alizamia meli na hakufika. Mama mkwe hataki kabisa kusikia habari ya kifo. Mwaka juzi alibadilisha bati za nyumba yake yote na hakuna aliyejua hela ilitoka wapi.

Tuna kiwanja Pongwe kwa jina la mume wangu. Nyumba ya vyumba viwili iliyopo pale nimeijenga mimi baada ya yeye kuondoka, kwa hela ya kupika chakula stendi ya Kange. Mwezi uliopita shemeji alileta watu kuitazama.

Sasa amejitokeza mtu, mgane, ana adabu zake, anataka kunioa. Majirani wanasema miaka saba imetimia kwa hiyo ndoa imejifia. Yupo shekhe aliye tayari kutufungisha bila karatasi. Mama yangu anasema niende mahakamani nikaseme mume amekufa, ndiyo njia fupi. Nikisema amekufa naye yu hai, si nitakuwa nimemzika mtu mzima? Nifanye nini?

Nimechoka Kungoja, Tanga

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile ambalo majirani wamekupotosha, kwa sababu ndilo linaloweza kukuponza mapema. Ndoa yako ipo. Mbele ya sheria iko leo kama ilivyokuwa mwaka 2009, na kimya cha mume, kiwe cha miaka saba au ishirini, hakiivunji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inataja katika kifungu cha 12 mambo yanayomaliza ndoa: kifo, hukumu ya mahakama kwamba mmoja anahesabiwa amefariki, hukumu ya kubatilisha ndoa, hukumu ya talaka, na talaka iliyotolewa nje ya nchi ikatambuliwa hapa. Muda peke yake haumo. Miaka saba watu wanaisikia kutoka kwa jirani zetu wa Kenya, ambako Sheria ya Ushahidi inaitumia kumdhania mtu amekufa, na hata huko mke haamki siku ya mwaka wa nane akawa huru bila kupita mahakamani.

Kwa hiyo yule shekhe mwambie ahsante, na usimrudie. Kifungu cha 15 kinasema mwanamke aliye ndani ya ndoa hawezi kufunga nyingine kabla ya ile ya kwanza kwisha. Ndoa atakayokufungisha itakuwa batili tangu siku ya kwanza, na kuingia humo ukijua bado una mume ni kosa la jinai. Huyo mgane akifariki kesho hutakuwa mjane wake. Ndugu zake watakutoa nyumbani kwake na kanga zako, na hutakuwa na pa kushika. Sikuandikii hivi kukutisha. Nimesoma barua za wanawake waliofungishwa hivyo hivyo, sebuleni, mashahidi wawili na sahani ya pilau, na wote waliniandikia baada ya msiba.

Sasa tuje kwa mama yako. Hakudanganyi kwamba njia hiyo ipo. Ukiwa na sababu za msingi za kuamini mwenzako amekufa, unaweza kuiomba mahakama itamke hivyo, na kifungu cha 161 kinaweka miaka mitano: mtu asiposikika kwa miaka hiyo na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake kama angekuwa hai, anadhaniwa amefariki mpaka ithibitike vinginevyo. Wewe una miaka saba. Kwa hesabu, umevuka.

Lakini yatazame hayo maneno kwa makini. Hayasemi “asiposikika na mkewe”. Yanasema wale ambao kwa kawaida wangesikia. Hao ni wewe, watoto, mama yake, ndugu zake, na wale aliosafiri nao. Utasimama mbele ya hakimu, utaapa, na utaulizwa: tangu 2018, kuna yeyote aliyekwambia yu hai? Jibu lako la kweli ni ndiyo. Kijana wa mtaani kwenu alikuambia mwaka 2023 kwamba amemwona huko. Huenda kijana huyo anasema kweli, huenda alimfananisha, huenda anatunga. Wewe hujui, na mimi sijui. Ila ukilificha neno hilo ukaapa kwamba hakuna habari yoyote, utakuwa umeapa kwa uongo, na hukumu iliyojengwa juu ya kiapo hicho itakuwa na ufa. Siku mume akipiga simu kutoka huko, au shemeji akimleta yule kijana mahakamani, ufa utafunguka nawe ukiwa ndani ya ndoa mpya.

Na liko jambo lingine ambalo mama yako, kwa uchungu wa kukuona ukihangaika, hakulifikiria. Mahakama ikitamka mume wako anahesabiwa marehemu, mlango unaofuata ni wa mirathi. Pale Pongwe patakuwa mali ya marehemu. Shemeji anayeleta watu kutazama nyumba atakuwa na haki ya kusimama mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, na wewe utaingia humo kama mjane wa Kiislamu mwenye watoto, ambaye fungu lake kwa mume ni thumni, moja ya nane. Watoto watakuwa na mafungu yao, mama mkwe ana lake la sudusi, moja ya sita. Itabidi uthibitishe kwanza kwamba jasho lililojenga nyumba ni lako kabla haijahesabiwa ya marehemu. Sisemi uchague njia kwa kuangalia mali. Nasema njia unayoambiwa ni fupi inaishia mahali ambapo hukukusudia kwenda.

Kisha kuna mama mkwe. Uliandika kwamba hataki kusikia habari ya kifo, na nadhani unamchukulia ni mkaidi. Mimi ninamwona mama aliyempeleka mtoto stendi na hakumwona tena. Vijana wetu wamepotea njia ile ya Sauzi kwa namna nyingi. Wako waliokufa ndani ya mashimo ya meli, wako waliokutwa na ghasia za chuki dhidi ya wageni, zile za mwaka 2008 na zile zilizoanzia Durban mwaka 2015, wako waliofungwa, wako walioona haya kurudi mikono mitupu wakachagua kunyamaza. Mama hajui mwanawe yuko fungu gani. Wewe ukienda kuomba karatasi ya kwamba amefariki, utakuwa umemtaka amsomee hitma mtoto ambaye moyo wake bado unamwekea chakula. Hana wajibu huo, na wewe huna haja ya kumlazimisha, kwa kuwa iko njia inayolingana na ukweli unaoujua.

Ukweli unaoujua ni huu: mume wako aliondoka, akatuma matumizi kwa muda, kisha akakata. Hakuulizi, hahudumii, hajulikani alipo. Sheria inaliita kutelekezwa. Kifungu cha 107 kinataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na mojawapo ni mwenza kumtelekeza mwenzake kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kutotimiza wajibu kwa makusudi pia kumo. Kwa talaka ya namna hii huna haja ya kuapa kwamba amekufa, wala kwamba yu hai. Unaapa kwamba amekuacha, jambo ambalo umelibeba mwilini miaka yote hii.

Kuwa mwangalifu na hesabu ya miaka. Usiandike kwamba alikutelekeza mwaka 2016. Mwaka ule alisafiri kwa ruhusa yako, kwa nauli yako, na akawa anapiga na kutuma fedha. Mtu aliyekwenda kutafuta maisha kwa makubaliano na mkewe hajamtelekeza. Saa inaanza pale alipokata mawasiliano na matumizi, yaani baada ya Ramadhani ya 2018. Hata kwa hesabu hiyo miaka mitatu imepita muda mrefu, kwa hiyo kusema kweli hakukupunguzii kitu. Watu wengi huongeza miaka wakidhani wanaipa kesi nguvu, kisha hakimu akiona muamala wa simu wa mwaka 2017 anaanza kutilia shaka na yale mengine yote.

Jambo linalowakatisha wengi tamaa ni baraza la usuluhishi. Utaambiwa huwezi kufungua shauri la talaka bila hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata au la BAKWATA, kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na kwamba lazima mume aitwe. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa ndoa nyingi. Lakini kifungu cha 101 chenyewe kinamtoa mtu wa hali yako: anayedai ametelekezwa na hajui mwenzake alipo hahitaji kupitia baraza. Pia hahitaji yule ambaye mwenzake anaishi nje ya nchi na haelekei kuingia nchini ndani ya miezi sita tangu shauri lifunguliwe. Karani akikurudisha dirishani kwa sababu huna hati ya baraza, mtajie kifungu hicho kwa heshima, na umwombe akuonyeshe kwa hakimu. Makarani wanaona kesi nyingi, hii si ya kila siku.

Hapo ndipo naomba tuzungumze kuhusu zile bati.

Uliziandika kama mtu anayepita njiani, sentensi moja, lakini hukuziandika bure. Mama mkwe amebadilisha bati za nyumba nzima na hakuna ajuaye hela ilipotoka. Inawezekana alikuwa na akiba. Inawezekana mtoto mwingine alimsaidia kimyakimya. Na inawezekana mwanawe anampigia, amemkataza asikwambie. Nenda kamuulize. Nenda peke yako, bila mama yako na bila mashoga, mchana mtulivu, mpelekee na kitoweo kama ulivyozoea. Usimshitaki. Mwambie hivi: “Mama, mimi siwezi kuendelea kuishi hivi. Nakwenda mahakamani kuomba talaka. Sitasema mwanao amekufa. Nitasema ameniacha. Kama una namba yake, nipe, au mpigie wewe umwambie, ili asije akasikia kwa watu.”

Maneno hayo yana kazi tatu kwa mpigo. Yanamwondolea mama hofu ya kumzika mwanawe. Yanampa mume nafasi ya kujitokeza kama yupo. Na yanakulinda wewe, kwa sababu ukiapa kwamba hujui alipo, utakuwa umeuliza pale ambapo kila mtu mwenye akili angeuliza kwanza. Mama akikupa namba, mpango hauharibiki. Unaipeleka mahakamani, unasema yuko nje, na sababu yako ya kutopitia baraza inakuwa ile ya mwenza aliye nje ya nchi. Na mume akipokea simu akasema “basi, kila mtu ashike njia yake”, hayo bado hayatoshi kuwa karatasi ya talaka. Mtaje mahakamani, ieleze mahakama alichosema.

Kesi yenyewe unaweza kuifungua mahakama ya mwanzo ya eneo lako, au ya wilaya, au ya hakimu mkazi. Zote zina mamlaka juu ya ndoa, na kwa mtu wa kipato chako ningeanzia mahakama ya mwanzo. Nenda na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya mwenyekiti wa mtaa inayoeleza kwamba mume hayupo tangu lini na kwamba unaishi na watoto peke yako. Ongeza uthibitisho kwamba ulimtafuta: taarifa ya polisi ya mtu aliyepotea, ile watu wanayoiita RB, na barua yako kwa ubalozi wetu ulioko Pretoria ukiuliza kama wana habari zake, hata kama hawakujibu. Nenda pia kampuni ya simu ukaombe taarifa za miamala ya namba yako kadiri zinavyopatikana. Ile namba ambayo hukuibadilisha inaweza kuonyesha fedha zilikuwa zikiingia lini na zilikoma lini, na hiyo ni karatasi ambayo hakuna shemeji atakayeibishia.

Mahakama haitakupa talaka kabla ya kujaribu kumwita. Mtu akiwa hapatikani, hakimu anaweza kuamuru wito ubandikwe kwenye ubao wa mahakama na kwenye nyumba alikoishi mara ya mwisho, au utangazwe gazetini. Gharama ya tangazo huwa juu ya mwombaji, kwa hiyo uliza mapema ujipange. Asipotokea tarehe iliyotajwa, shauri linasikilizwa upande mmoja: wewe na mashahidi wako mnatoa ushahidi, na hakimu anapima. Asidhani mtu kwamba mume asipotokea basi umeshinda. Bado utatakiwa uthibitishe. Na mtu aliyehukumiwa bila kuwepo anaweza baadaye kuomba hukumu ifutwe kwa kuonyesha kwamba hakuitwa ipasavyo. Ndiyo maana nimekusisitiza kuhusu mama mkwe. Hukumu ya mke aliyemtafuta mumewe kila mahali huwa ngumu kuitikisa. Ya mke aliyejua namba akaikalia haitasimama.

Huwezi kumlipa wakili, najua. Tanga wapo TAWLA, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu wakuelekeze kwa aliye karibu. Hati ya maombi ya talaka ina mambo yanayotakiwa yatajwe, kama watoto, makazi, mali na unachoomba juu yake, na ni vizuri ikaandikwa na mtu anayeijua.

Sasa dini, kwa sababu najua ndiyo iliyokufanya uulize habari ya kumzika mtu mzima. Fiqhi imelizungumzia suala la mume aliyepotea tangu zama za masahaba. Hukumu inayonukuliwa sana ni ya Sayyidna Umar, kwamba mke asubiri miaka minne kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Wanazuoni wa madhehebu hawakulichukua kwa namna moja, na wapo waliosema asubiri mpaka kupatikane yakini. Lakini iko pia njia ya fasakh, ambapo kadhi huivunja ndoa kwa dhara analopata mke, na kukaa miaka bila matumizi wala mume ni dhara linalotajwa wazi. Nenda BAKWATA ukaonane na kadhi wa mkoa, umweleze yote, na neno la yule kijana wa mtaani kwenu usiliache. Usiende kwa shekhe aliyeahidi kukufungisha upesi. Kwa Bara, neno la kadhi linautuliza moyo wako na linasaidia mahakamani, ila halivunji ndoa kwa serikali mpaka mahakama itoe hukumu. Ungekuwa umeolewa na unaishi Unguja au Pemba ningekuandikia mengine, maana sheria hii ya 1971 haifiki huko na Mahakama za Kadhi ndizo zinazoamua.

Hutakuwa umezika mtu hai, mwanangu. Kusema “ameniacha” juu ya mtu aliyekuacha ni kusema kweli.

Nyumba ya Pongwe usiisubirishe mpaka kesi iishe, kwa sababu shemeji haisubiri. Kifungu cha 59 kinakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Kama mwenye jina mwenyewe hawezi kuiuza bila wewe, shemeji ambaye hana jina wala ndoa anaiuza kwa kitu gani? Andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji, weka nakala yenye muhuri, ueleze kwamba nyumba ni ya familia na haiuzwi. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, nenda ofisi ya ardhi ukaweke zuio. Watu wakija tena kuitazama, waonyeshe barua hiyo, tena mbele ya majirani.

Jina lake kwenye kiwanja lina uzito, sitakuficha. Sheria inadhania kwamba mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja ni yake. Lakini dhana hiyo huvunjwa kwa ushahidi, na mahakama ikitoa talaka ina mamlaka chini ya kifungu cha 114 kugawa mali mliyochuma pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakutoka na kitu mwisho wa kesi ile, lakini wanawake waliokuja baada yake wamesimama juu ya maneno hayo. Wewe una zaidi ya kazi za nyumbani. Una matofali uliyonunua. Tafuta risiti za saruji, za bati, za nondo. Mtafute fundi aliyejenga, na mwenye duka la vifaa aliyekukopesha, aje aseme nani alikuwa akimlipa. Daftari la vicoba au la upatu linaloonyesha jina lako na tarehe, usilitupe. Ukienda kwa msaidizi wa kisheria na mfuko wa karatasi hizo, nusu ya kazi yake umeshamfanyia.

Watoto wanaendelea kuwa chini yako. Katika maombi yako omba mahakama itamke hivyo, ili siku moja asije mtu na dai la ukoo. Na omba itamke wajibu wa baba kuwatunza, hata kama leo hakuna wa kumdai. Akijitokeza, amri itakuwa inamsubiri.

Nimemwacha huyo mgane mwisho kwa makusudi. Umeandika kwamba ana adabu, na nimefurahi kwa ajili yako. Mwanamke aliyekaa peke yake tangu 2018, akalea, akajenga, hana sababu ya kuona aibu kwamba anataka mwenza. Mweleze ukweli wote kama ulivyonieleza mimi. Asilete posa, asitoe mahari, asianze kulala kwako kwa jina la mchumba, kwa sababu bado una mume kwa dini na kwa sheria, na shemeji anatafuta neno la kukusema mahakamani. Kukiwa na uzinzi wa kutajwa, kesi inayomhusu mtu aliyekutelekeza itageuka kuwa kesi ya mwenendo wako. Akiwa mtu wa kweli atasubiri. Akianza kukuharakisha, akakuambia shekhe yule anatosha, niandikie tena kabla hujamjibu.

Hukumu ya talaka ikitoka, usiweke tarehe ya harusi wiki hiyo. Kuna siku 45 ambazo upande wa pili unaweza kukata rufaa, ziache zipite. Eda unayotakiwa kukaa muulize kadhi, kwa kuwa eda ya talaka si ile ya kufiwa. Chukua nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, isajili RITA upate cheti cha talaka, na utoe nakala mbili. Moja kaa nayo. Nyingine mpe mama yako akutunzie, naye mweleze kwa upole kwa nini hukwenda mahakamani kusema mkwewe amekufa.

Kwa mama mkwe nenda wiki hii, kabla hujaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Atakachokujibu kuhusu zile bati ndicho kitakachoamua maombi yako yaandikwe vipi.

Shangazi yako